Mpangaji Asiyekunywa Chai

Nimewahi kuishi nyumba moja na mtu kwa miaka mitatu, nikajua anavyopiga pasi, anavyopiga chafya, anavyopanda ngazi akiwa na furaha na anavyopanda akiwa amefeli mtihani, na bado ukiniuliza alikuwa mtu wa namna gani, nitababaika. Baba yake simjui. Kijiji chao alikitaja mara moja, nikakisahau kabla sijamaliza kuosha vyombo. Ni aibu, maana yeye wetu aliwajua wote: bibi yangu, mama wa bibi yangu, na babu zake mama mpaka wa saba, kila mmoja kwa jina lake kamili. Aliwaandika katika daftari la jalada gumu la buluu. Daftari hilo ndilo lililotugombanisha, na kwa miaka mingi nilibaki na swali moja tu la kumuuliza mtu huyu: wafu wetu uliwapeleka wapi?

Mama alimwita Mwanafunzi, nasi tukafuata. Alikuwa akisomea uhandisi wa maji katika chuo kimoja cha hapa London, na sisi tulikuwa tukikaa Tottenham, ghorofa ya tatu ya jengo la kaunsili, halmashauri ya mtaa. Kaka yangu alikuwa ameoa na kuhamia Kenton, chumba chake kikabaki kitupu, na mama hakupenda chumba kitupu. Akabandika karatasi kwenye dirisha la duka la nyama ya halali. Aliyekuja ni kijana mrefu, Mkenya wa bara, shati jeupe limenyooka, tai shingoni, viatu vinang'aa. Mama aliyachungulia mavazi hayo kwenye kitundu cha mlango akadhani ni mtu wa kaunsili amekuja kukagua unyevu. Akamtembeza mpaka bafuni, akamwonyesha ukuta ulioota ukungu, akamlalamikia kwa Kiingereza chake chote. Kijana akatazama ukungu kwa heshima, akasubiri amalize, ndipo akasema kwa Kiswahili kuwa amekuja kwa ajili ya chumba, lakini ule ukungu akipenda anaweza kuusugua.

Akausugua kweli. Chumba akapata siku hiyo hiyo.

Tatizo lilikuja robo saa baadaye, pale mama alipoleta sinia ya chai. Nyumbani kwetu chai ya maziwa na hiliki haiulizwi kama mtu anaitaka, inamiminwa. Kijana akakishika kikombe, akakirudisha mezani.

"Asante sana, Mama. Lakini mimi huwa sinywi chai."

"Umekatazwa na daktari?"

"Hapana. Ni kanisa. Mimi ni Mmormoni."

"Hao ndio wepi?"

"Ni Wakristo, Mama."

"Wakristo nawajua," mama akasema. "Wanakunywa chai."

Mama alishindwa kuielewa habari hiyo mpaka mwisho. Pombe hanywi, alilielewa hilo na akampenda nalo. Sigara havuti, vizuri. Kahawa pia marufuku, haya. Lakini Mkenya asiyekunywa chai! Tena kijana huyo huyo alikunywa soda tatu kwa siku, na chokoleti ya moto alitia sukari mpaka kijiko kikawa kinasimama. Mama akamhoji kama hakimu: kwa hiyo ubaya uko kwenye majani, si kwenye sukari? Akajibu, "Wacha niseme ukweli, Mama. Hata mimi hapo sielewi vizuri. Lakini nimeahidi." Mama akaenda kuchemsha tangawizi na limau, bila jani hata moja, akamletea kwenye kikombe kile kile. Tangu siku ile hiyo ndiyo ikawa chai ya Mwanafunzi, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa hata akiwa na mafua.

Hiyo "wacha niseme ukweli" ilikuwa ndiyo kauli yake, na ukiisikia jihadhari. Biriani ya mama imetoka, watu wanasifu, yeye anatafuna pole pole: "Wacha niseme ukweli, Mama, chumvi imezidi kidogo." Mimi nimevaa gauni jipya naenda harusini: "Wacha niseme ukweli, dada, lile la kijani lilikuwa zuri zaidi." Hakuwa na ubaya. Alisema kwa sauti ya mtu anayekupa taarifa kuwa kamba yako ya kiatu imefunguka. Kumfanya aseme uongo hata ule mdogo wa kulainisha siku ilikuwa kazi bure.

Nitatoa ushahidi. Shangazi yangu wa Kenton alikuwa amejipa kazi ya kunitafutia mume, maana nilikwishaachika na yeye aliona haya kuliko mimi. Jumamosi moja simu ikalia, nikamwambia Mwanafunzi, aliyekuwa karibu nayo, kwa ishara ya mikono yote miwili: kama ni shangazi, mimi sipo. Akainua simu. Nikamsikia: "Shikamoo, shangazi... Ndiyo... Yupo, lakini hataki kuongea na wewe." Shangazi alinuna miezi miwili. Nilipomjia juu akashangaa kwa dhati kabisa, akaniuliza angesemaje sipo na mimi nimesimama pale mbele yake. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Jumamosi ilikuwa siku ya mashati. Alikuwa nayo matano, yote meupe, akiyapiga pasi sebuleni huku akivumisha nyimbo za kanisani kwao. Jumapili alitoka asubuhi akarudi mchana, na Jumapili ya kwanza ya kila mwezi alifunga, hali wala hanywi hata maji. Mama alipolijua hilo alichanganyikiwa upya. Alikuwa amekwishamweka fungu la Wakristo, sasa hapa anamwona kakauka midomo kama sisi Ramadhani. "Huyu Mwanafunzi," aliniambia jikoni, "kuna kitu walimkosea kwenye makaratasi. Huyu alikuwa wetu." Akawa anamwekea chakula cha kufungulia, tende na uji, na Mwanafunzi akawa anafungua swaumu ya Kimormoni kwa tende za Madina, kisha anashushia na soda ya machungwa.

Wakati mwingine walikuja rafiki zake wawili wa kanisani, vijana weupe wenye vibao vya majina kifuani. Hao walikuwa wakihubiri mitaani, na utaratibu wa kwao ni kwamba kijana wa kazi hiyo huitwa Mzee. Mwanafunzi mwenyewe aliwahi kuitwa hivyo miaka miwili, alipokuwa mhubiri Uganda. Mama akawakagua wazee hao, hawajaota ndevu, mmoja ana chunusi. Akawaamkia shikamoo kwa dhihaka, nao kwa kuwa hawajui wakaipokea kwa tabasamu. Mwanafunzi peke yake ndiye aliyeona haya mpaka masikio. Kuhubiriwa hatukuhubiriwa. Aliwaambia mlangoni, kwa Kiingereza, kwamba hapa wamekuja kula tu.

Starehe zake zilikuwa ndogo ndogo, za kitoto ukitaka. Alipenda kukaa ghorofa ya juu ya basi, kiti cha mbele kabisa, na kama kimekaliwa alisubiri basi linalofuata. Nilimkuta mara moja, natoka kazini, kakunja miguu yake mirefu pale mbele, mikono kaiweka kama anayeshika usukani. Aliponiona hakuiondoa. Aliniambia tumebakiza vituo vinne. Wenzake wa chuoni walikwenda baa Ijumaa. Yeye alikwenda nao, akanywa maji ya matunda, akawasaidia kukumbuka makoti yao, akarudi nyumbani kabla ya taarifa ya habari. Mpira aliujua wote lakini wa Jumapili hakuutazama. Alisubiri Jumatatu, akiziba masikio kila akipita watu wanaozungumzia matokeo, kisha ananiomba mimi nisiyejua mpira nimsomee gazeti.

Na Jumatatu ndiyo hasa niliyokusudia kuieleza.

Kanisani kwao Jumatatu jioni ni ya familia. Watu wa nyumba wanakaa pamoja, wanaimba, mmoja anasema maneno mawili ya mafundisho, wanacheza mchezo, wanakula kitu kitamu. Mwanafunzi hakuwa na familia London, lakini ameahidi. Kwa hiyo Jumatatu zake za kwanza kwetu alifunga mlango wa chumba, tukawa tunamsikia ukutani. Anakaribisha. Anaimba peke yake. Anasoma kidogo. Kisha kimya, kisha sauti ya dadu inaviringika. Kisha karatasi ya keki inafunguliwa. Mama alivumilia Jumatatu tatu. Ya nne akagonga.

"Humo ndani kuna nani?"

"Ni mimi tu, Mama. Ni jioni ya familia."

"Familia gani ya mtu mmoja? Toka huko. Njoo huku kwenye watu."

Kuanzia hapo Jumatatu ikahamia sebuleni. Mafundisho mama aliyakata, akasema kila mtu na yake moyoni. Nyimbo aliziacha kwa sababu alipenda sauti. Mchezo ukawa keramu, ubao alioleta kaka yangu kutoka Kenton, na mama alikuwa hatari kwenye keramu. Aliusukuma ubao kwa goti huku akikuuliza habari za masomo. Mwanafunzi aliona, maana alikuwa akiona kila kitu. "Wacha niseme ukweli, Mama, ubao umesogea." Mama anasema labda ni treni imepita chini. Mimi nilikuwa naingia na kutoka, nimechoka, nafanya kazi mapokezi ya hospitali na siku nzima nimewauliza watu jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la mtu wa karibu. Sikuwa na hamu ya kukaa na watu wanaocheza. Leo ningekaa.

Sasa lazima nimtaje mjomba wangu, maana bila yeye habari hii haina maana. Mama alikuwa na kaka mmoja tu. Siku za mapinduzi kule Unguja, mama akiwa msichana wa miaka kumi na mitatu, kaka yake alitoka nyumbani asubuhi kwenda kumjulia hali rafiki yake mgonjwa, mtaa wa pili. Hakurudi. Hakuna aliyemwona amekufa, hakuna kaburi, hakuna aliyeleta kiatu wala kofia. Wazazi wao waliondoka kisiwani bila yeye. Mama akaolewa, akazaa, akatuleta huku, na muda wote huo hakuruhusu mtu amwite marehemu. Tukisoma khitma, kisomo cha kuwaombea wazee wetu waliokufa, mama anawataja mmoja mmoja, baba yake, mama yake, mama wakubwa, na akifika kwa kaka yake anaruka. Shangazi wa Kenton aliwahi kumwambia kwa upole kuwa miaka ni mingi, amsomee, itamfaa. Mama akainuka akaenda kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Basi kumbe Jumatatu zile, keramu ikiisha, palikuwa na kazi nyingine. Wamormoni wanapenda kuandika nasaba. Mwanafunzi alikuwa na fomu zake na daftari lake la buluu, na watu wake mwenyewe alikuwa amewafuata mpaka walipopotea. Mama akapenda. Nikipita na kikapu cha nguo nasikia majina: fulani bin fulani, huyo wa Wete, huyo wa Makunduchi, yule aliyeoa mara nne. Mama anataja, yeye anaandika, na wanacheka. Nilishangaa kidogo wanacheka nini katika majina ya watu waliokufa. Sikuuliza. Nilifurahi tu kwamba mama ana mtu wa kuzungumza naye mambo ya zamani, kwa kuwa sisi watoto wake tulikuwa tukimjibu kwa Kiingereza.

Aliyenifungua macho, au kunifumba, sijui niseme nini, ni muuguzi mmoja Mkongo tuliyekuwa tukila naye chakula cha mchana. Nilimsimulia habari za mpangaji wetu na daftari lake kama kichekesho. Yeye hakucheka. Akaweka uma chini.

"Wale? Sista, wale wanabatizaka hata watu wenye walikufa. Wanatafuta majina, wanapeleka kwa hekalu yao, mutu muzima anaingia kwa maji kwa jina la ule maiti."

Nikamwambia haiwezekani. Akaniambia niulize mtu yeyote. Nikauliza. Ni kweli, wanafanya hivyo, nao wanaamini ni zawadi kwa wafu, waikubali au waikatae huko waliko. Leo naweza kulieleza hivyo kwa utulivu. Siku ile niliona kitu kimoja tu: babu zangu, Waislamu baba na babu, wamesimama kwenye foleni ya hekalu la watu. Na mwishoni mwa foleni nikamwona mjomba. Ili mjomba aingie kwenye foleni hiyo lazima mtu amwandike kuwa amekufa. Mama alikuwa amekataa neno hilo karibu miaka arobaini. Nikaona kuwa kijana wa shati jeupe amemtoa neno hilo kwa keki na keramu, kisha akalibeba kwenda nalo kwao.

Nilirudi nyumbani Jumamosi mchana. Mama alikuwa Kenton kwa wajukuu. Mwanafunzi yuko sebuleni na pasi yake, shati la tatu.

"Wale watu uliowaandika," nikasema, "umewapeleka wapi?"

Akaisimamisha pasi. Alinielewa mara moja, na hilo likanitia hasira zaidi. "Dada, wacha niseme ukweli—"

"Sitaki ukweli wako! Mmembatiza mjomba wangu? Umemuua mjomba wangu kwenye karatasi?"

Alifungua mdomo mara mbili. Mara zote mbili nilimkatiza. Nilisema maneno ambayo siyarudii hapa, mengine yanahusu dini yake na mengine yanahusu bara alikotoka, na haya ya pili sikujua hata kama nilikuwa nayo moyoni. Nikamwambia ahame siku ile ile, na asimuage mama. Akachomoa pasi, akakunja mashati, mawili yakiwa bado na mikunjo, akapakia masanduku mawili na kuacha ufunguo juu ya ubao wa keramu. Daftari akaondoka nalo. Mlangoni aliniambia, "Mwambie Mama asante." Basi.

Mama alirudi Jumapili. Nilimweleza yote nikitegemea atalia, au atanishukuru. Alikaa kitini pake karibu na dirisha na buibui bado mwilini.

"Umemfukuza mgeni wangu?"

"Mama, wanabatiza maiti!"

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza."

"Ukamwacha akujibu?"

Mama akavua buibui pole pole. "Basi kamuulize tena," akasema. "Aliyoyaandika nayajua mimi. Lakini wewe nenda kamuulize yeye."

Sikwenda. Kwanza kwa hasira, halafu kwa aibu, na aibu ni nzito kuliko hasira, haiishi kwa kulala. Mama naye hakunieleza. Alikuwa mkaidi kama mimi. Alitaka nitoke mlangoni kwa miguu yangu. Jumatatu zilizofuata aliuweka ubao wa keramu mezani, akapanga kete, akacheza mkono wake na mkono wa pili, na ubao hakuusukuma kwa goti. Nilijaribu kukaa naye. Alinichezesha mara moja, akaniambia mimi sina utani.

Miaka kumi na moja baadaye mama alifariki. Alifariki hospitalini kwetu, nami ndiye niliyeketi na wenzangu wa mapokezi nikajaza fomu ya kifo chake. Baada ya matanga nililitafuta daftari katika kila droo, nikijua halipo. Nilisoma khitma na kaka yangu. Tulipofika kwa mjomba tukatazamana. Mama hayupo tena wa kukataa. Hatukujua tufanye nini, tukaruka, na usiku wote nilijiuliza kama tumemdhulumu.

Mwaka jana, Jumamosi moja kama saa nne asubuhi, mlango uligongwa. Nikachungulia kitunduni. Shati jeupe, lakini hana tai, na nywele za pembeni zimeanza mvi. Nilisimama pale nimeshika komeo kwa muda ambao si wa heshima.

"Habari ya siku nyingi, dada," alisema nilipofungua. "Sikujua kama bado mko hapa. Nimeona nijaribu." Alikuwa anarudi Kenya na mke wake na watoto, wanasafiri wiki inayofuata. Anafunga mizigo, amekutana na kitu ambacho si chake. "Mama yuko?"

Nikasema karibu ndani. Ndilo jibu pekee lililonijia.

Aliketi pale pale alipozoea kuketi. Kiti cha dirishani kilikuwa na kanga ya mama imekunjwa, sijawahi kuiondoa. Alikitazama, akatazama mikono yake. Nikaenda jikoni nikachemsha tangawizi na limau, na nilipomletea akainusa kwanza kabla ya kunywa, akafumba macho. Kisha akatoa daftari la buluu kwenye mkoba, akaliweka mezani.

"Uliniuliza swali," akasema. "Nilichelewa kujibu."

"Sikukuacha ujibu. Nisamehe."

"Yalishaisha, dada. Soma tu."

Nikalifungua. Mwandiko wake ule wa kihandisi, kila ukurasa mtu mmoja. Jina. Jina la baba. Jina la mama. Mahali alipozaliwa. Halafu mstari wa tarehe ya kufa, na hapo, kwa babu yangu mzaa mama, ambaye kaburi lake nimeliona kwa macho yangu, ameandika: Yu hai. Nikafunua. Bibi: yu hai. Baba wa babu: yu hai. Nikafunua mpaka yule wa saba, mtu wa kabla ya kabla, ambaye hata meli za moshi hakuziona. Yu hai.

Nilimtazama. Mtu huyu ndiye aliyeshindwa kumwambia shangazi kwamba sipo.

"Nilimweleza siku ya kwanza kabisa," akasema. "Kwamba kwetu majina ya waliofariki huwa yanapelekwa hekaluni. Na kwamba ya kwenu mimi sina ruhusa, maana si ndugu zangu, lakini ni vizuri ajue. Mama akafikiri kidogo. Akaniuliza, na aliye hai? Nikamwambia aliye hai hapelekwi. Akasema, basi andika, mwanangu, kwetu sisi hakuna aliyekufa."

"Na wewe ukaandika."

"Mara ya kwanza nilikataa. Nilimwambia, Mama, huyu babu angekuwa na miaka mia mbili. Akaniambia, mzima huyo, ila hatoki sana." Alicheka, na mimi nikacheka, na nilimsikia mama kabisa katika maneno yale. "Kila Jumatatu ilikuwa hivyo. Huyu? Mzima, anasumbuliwa na magoti. Huyu? Mzima, ila ana maringo. Nilikuwa naona ni mchezo tu."

Akageuza kurasa mwenyewe mpaka wa mwisho. Jina la mjomba. Nilikuwa sijawahi kuliona limeandikwa.

"Kwa huyu hakucheka," akasema. "Nilimuuliza kama wengine wote, kwa utani. Akasema, huyu ndiye sijui, mwanangu. Huyu ndiye sijui kweli. Nikashika kalamu sijui niandike nini. Kisha nikaona wengine wote pale tayari wako hai."

Mstarini, kwa wino ule ule: Yu hai.

Nililia mbele yake bila haya. Nilikuwa nimedhani amemuua mjomba kwenye karatasi, na karatasi ndiyo mahali pekee ambapo mtu alikubali kukaa na mama katika kutojua kwake, bila kumsukuma upande huu wala ule. Sisi watoto wake hatukuweza. Wazee saba wazima wazima waliitwa kutoka makaburini wamsindikize kijana mmoja aliyekwenda kumjulia hali rafiki yake, asionekane yuko peke yake. Alifanya hivyo mtu asiyesema uongo. Mpaka sasa sijui kama alisema uongo.

Aliniacha nilie. Akanywa tangawizi yake mpaka chini. Kisha akageukia kiti cha dirishani tena, na safari hii hakuuliza haraka haraka kama pale mlangoni. Aliuliza kama mtu anayejua.

"Na Mama?"

Nilijifuta uso. Fomu ya mama niliijaza mwenyewe, jina, tarehe, saa.

"Yupo," nikasema. "Ila hatoki sana."

Aliitikia kwa kichwa pole pole. Hakusema wacha niseme ukweli. Alichomoa kalamu mfuko wa shati, akafungua ukurasa mtupu unaofuata ule wa mjomba, akaniomba nimtajie jina la mama kwa ukamilifu.